Kiko cha Kumi na Nne



Ndugu zangu katika imani, darsa la leo ni refu kidogo. Mwenye haraka alihifadhi, alisome baada ya Isha akiwa ametulia, maana nataka tusikilizane mpaka mwisho.

Wiki mbili zilizopita, watu walipotawanyika baada ya Isha, mzee mmoja alibaki ameegemea nguzo. Ni mzee ninayemheshimu sana, amenipita kwa miaka kama ishirini, dereva mstaafu aliyefanya kazi Arusha ujana wake wote kabla ya kurudi nyumbani huku Tarime. Ameniridhia nieleze habari yake, jina nisilitaje. Nikamfuata, nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, kuna jambo?" Akaitikia, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Shehe, moshi niliacha, unajua. Lakini viko sijaacha."

Sikumwelewa. Moshi ameuacha mwaka wa sita sasa, alhamdulillah, baada ya kifua kumsumbua, na mimi mwenyewe nilimsindikiza kwa dua. Sasa viko vya nini? Akanieleza. Anavyo kumi na tatu ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, kila kimoja kimeviringishwa kitambaa. Hawashi hata kimoja. Usiku anavitoa, anavifuta, anavitazama, anavirudisha. Na cha kumi na nne ameshakilipia kwa simu, kinatoka Nairobi, kitapitia Sirari kwa mkono wa dereva wa basi. Fedha aliyolipia ilikuwa ya mbolea ya shamba la kahawa. Mama wa nyumbani hajui.

Vijana wengine hapa hawajui kiko ni nini, wamezoea sigara na shisha. Kiko, wengine wanakiita mtemba, ni kile chombo chenye bakuli dogo na mrija ambacho mtu hutilia tumbaku akavuta. Wazee wa Kikurya walikuwa na vyao vya asili, wengine wakapendelea ugoro. Tumbaku yenyewe si ngeni kwetu. Vuka tu mpaka hapo Isebania, uingie Kuria ya Kenya, utakuta mashamba yake.

Lakini kilichomshika mzee wetu kina historia yake, na nimejifunza kwake. Huko Sinya, kaskazini ya Arusha, karibu na Amboseli mpakani na Kenya, lipo jiwe jeupe, jepesi, la vinyweleo. Wazungu wanaliita meerschaum, na duniani linalojulikana zaidi ni la Uturuki. Tangu kabla ya uhuru wa 1961 jiwe hilo lilichimbwa, na pale Arusha kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ikatengeneza viko vyenye alama ya tembo. Jina la biashara lilikuwa hilohilo la Kiswahili, Kiko. Vingine bakuli lake lilivikwa ngozi. Viliuzwa nje ya nchi, na mpaka leo wako watu Ulaya na Marekani wanaovitafuta vile vya zamani na kuuziana mtandaoni. Mzee alinunua cha kwanza akiwa kijana, kwa mshahara wake, Arusha. Baada ya kuacha moshi mjukuu akamwonyesha kwenye simu kwamba kiko kama kile kinatafutwa na watu wa mbali. Ndipo ugonjwa mwingine ukaanza.

Akaniuliza: "Shehe, hii ni haramu?"

Sasa hapa nataka tuwe waangalifu, maana sisi masheikh wakati mwingine tunapenda neno haramu kwa sababu linamaliza maongezi. Kuvuta, msimamo wangu mnaujua. Wako wanazuoni wa zamani walioona ni makuruhu, lakini baada ya madhara yake kujulikana kama yanavyojulikana leo, wengi wa zama hizi wamesema haramu, nami niko nao. Ila mzee havuti. Ana jiwe lililochongwa ndani ya sanduku. Ningemwambia haramu, angekwenda akavitupa chooni kwa hofu, na mwezi ujao angeanza kununua saa za mkononi. Kiko kingeondoka, kile kinachonunua kingebaki.

Ndiyo maana sikumjibu swali lake. Nilimuuliza langu: "Mzee wangu, kile cha kumi na tatu kilikufurahisha siku ngapi?"

Akafikiri. Akasema, "Siku mbili. Na raha kubwa ilikuwa kabla hakijafika."

Wallahi hapo nilinyamaza, kwa sababu na mimi naijua raha hiyo. Sikiliza, nitajianika. Mimi nina kofia ishirini na tatu. Kofia za kushonwa kwa mkono, za viua, zile ambazo mama au dada wa Unguja na Pemba anakaa na moja wiki kadhaa akitoboa vitundu vidogo na kuvizungushia uzi. Kichwa ni kimoja. Mwaka jana nilitumiwa picha ya moja, rangi ya maziwa, viua vidogo kama punje za mtama. Nikajiambia huyu mshonaji anastahili kuungwa mkono, na imamu lazima apendeze mbele ya Waislamu. Tazama shetani alivyo fundi, amenivika hoja mbili za dini kwa kofia moja! Nikalipa shilingi elfu tisini. Wiki ileile binti yangu aliomba elfu sitini ya vitabu vya kidato cha tano, nikamwambia asubiri, hali ni ngumu. Alisubiri mwezi mzima. Siku alipoiona ile kofia hakusema neno. Aliitazama tu, akaenda kuosha vyombo.

Kwa hiyo msidhani nahubiri kutoka juu ya mlima.

Allah Subhanahu wa Ta'ala ametuwekea sura nzima fupi, Suratut Takaathur, juu ya watu walioshughulishwa na kutaka wingi mpaka makaburi yakawapokea. Tunaisoma kwenye sala kila siku, haraka haraka, tuwahi rukuu. Na Mtume (S.A.W) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba mwanadamu akipewa mabonde mawili ya mali atalitafuta la tatu, na hakuna cha kumshibisha ila udongo. Hakutaja mtu mwovu wala mwizi. Amesema mwanadamu. Maana yake mimi, wewe, na mzee wetu wa viko.

Lipo tukio jingine nalipenda zaidi, kwa sababu linatuonyesha la kufanya. Mtume (S.A.W) alisali akiwa amevaa vazi lenye michoro, jicho lake likaiangukia ile michoro ndani ya sala. Alipomaliza akaagiza vazi lile lipelekwe kwa Abu Jahm, naye aletewe vazi la Abu Jahm lililokuwa halina mapambo. Vazi lile halikuwa haramu, na wala hakulichoma moto. Aliona limemgusa mahali pasipostahili kuguswa, akalitoa nyumbani siku ileile. Yeye ni Mtume, michoro tu ilimtosha kuchukua hatua. Sisi tunasujudu huku tunahesabu mzigo umefika Migori au umeshavuka.

Na Nabii Sulayman, alayhi salaam, katika Surat Saad, alioneshwa jioni farasi wazuri waliolelewa vyema, na wafasiri wengi wanasema walimshughulisha mpaka jua likazama. Yaliyofuata baada ya hapo wamehitilafiana, sitaingia. Lakini farasi wa jihadi ni mali ya heri, na bado ameulizwa moyo wake ulikuwa wapi. Itakuwaje kiko? Itakuwaje kofia yangu?

Najua wapo watakaosema: Shehe, fedha ni yangu, nimeitolea jasho la halali. Sawa. Lakini tutaulizwa juu ya mali maswali mawili, tumeichuma wapi na tumeitumia katika nini, na jasho la halali linajibu la kwanza tu. Huku kwetu Mara tunalijua jambo hili vizuri kwa upande wa ng'ombe. Mtu wa Serengeti ana ng'ombe sitini, mtoto anakwenda shule Mugumu peku, na ukimwambia auze mmoja anakutazama kama umemtukana. Tunamcheka. Kijana wa Nyamongo akipata fedha ya dhahabu anabadilisha simu kila baada ya miezi mitatu, tunamcheka naye. Mwenye kofia ishirini na tatu nani amcheke? Anasalisha.

Nirudi kwa mzee, maana tulikaa mpaka saa nne usiku na mlinzi wa msikiti akaanza kukohoa kwa makusudi.

Nilimwambia kwanza amwambie mama. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, aliniomba nimpe jingine lolote, hata kufunga siku kumi. Nikakataa. Kinachonunuliwa kwa siri kinanunuliwa tena. Siri ndiyo inayokimwagilia maji. Pili, atoke kwenye yale makundi ya simu yanayotuma picha za viko, kwa sababu huwezi kukaa jikoni ukalalamika njaa inakusumbua. Na hamu ikimjia usiku asiseme "sitanunua kamwe", aseme "nitauliza tena baada ya Ijumaa." Nafsi ukiikatalia moja kwa moja inagombana nawe, ukiichelewesha inachoka. Mimi nimeijaribu kwenye kofia. Mara tatu imefanya kazi, mara moja nimeshindwa.

Kisha likaja swali la vile kumi na tatu, nalo ni gumu. Kuvivunja ni kupoteza mali, na tumekatazwa kupoteza mali. Kumuuzia mvutaji ni kumsaidia katika dhambi. Sikuwa na jibu. Nikampigia mwanazuoni mmoja Musoma, mwenye elimu kunishinda, kesho yake. Akasema viko vya zamani ambavyo wanunuzi wake huvitaka kama pambo na kumbukumbu, na si kwa kuvuta, vinaweza kuuzwa kwao. Vile vya kawaida ambavyo kwa dhana kubwa vitavutiwa, asiviuze. Nikamfikishia mzee. Tukavitenga mimi na yeye mchana, mama akiwa amekaa pembeni na kanga yake anatutazama. Alikuwa ameshaambiwa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu bei ya kila kimoja, mmoja mmoja, na mzee akawa anajibu huku ameinamisha kichwa.

Vinane vitauzwa, fedha iende kwenye mbolea. Vinne vya kawaida amevipasua mwenyewe kwa nyundo, maana alisema vikibaki vitazaa wenzao, nami sikumzuia. Kile cha kwanza, cha tembo, cha Arusha, alikishika muda mrefu akaniuliza kama anaweza kubaki nacho. Nikamwambia abaki nacho. Yuko atakayesema nimelegea. Mimi niliona mtu anayekumbuka ujana wake, na kimoja hakikuwahi kumnyima mkewe mbolea.

Cha kumi na nne kilifika Sirari Jumanne. Dereva wa basi alimpigia simu mara mbili. Mzee alinipigia mimi badala ya kwenda, sauti inatetemeka, akaniuliza afanyeje. Nilimwambia anisubiri, twende wote tukakirudishe. Tulipanda bodaboda mbili. Nilikuwa nimevaa kofia ya kawaida ya dukani, na kwenye mfuko wa kanzu nilikuwa na zile elfu sitini, nimeuza ile ya rangi ya maziwa kwa hasara. Binti ameshanunua vitabu kwa fedha ya shangazi yake. Nimempelekea hivyo hivyo.

Wallahu a'lam.