Gari lililopata ajali: Kuficha kasoro ni kula haramu

Sifa njema zote ni za Allah Subhaanahu Wataala, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika ukanda wetu huu wa Shinyanga, Kahama na Geita, mtu akipata riziki yake machimboni au mpunga ukimkubali, jambo analolifikiria baada ya nyumba ni gari. Wengi hatuna uwezo wa gari jipya. Tunanunua lililokwishatumika Japani, likatumika tena Dar es Salaam au Mwanza, na baadhi ya magari hayo yalikwisha kugongwa kabla hayajafika Tinde. Tumeulizwa mara nyingi: Je, inafaa kununua gari lililopata ajali likatengenezwa? Na aliyeuziwa bila kuambiwa ana haki gani?

Kununua kwenyewe hakuna ubaya. Kasoro ikijulikana kwa pande zote mbili, na bei ikakubaliwa kwa ridhaa, biashara ni sahihi. Kilichoharamishwa ni kuficha. Imepokewa na Abu Huraira (R.A.) katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Basi na tujiulize, puti iliyopakwa juu ya bati lililokunjika, ikapulizwa rangi ikang'aa, ina tofauti gani na nafaka kavu iliyofunika nafaka mbichi?

La kustaajabisha ni kwamba watu wa ukanda huu si wageni wa kipimo. Tangu soko la dhahabu lifunguliwe Geita mwaka 2019, muuzaji na mnunuzi husimama mbele ya mizani wakibishania sehemu ndogo ya gramu, na ni haki yao. Lakini mtu huyo huyo akigeuka kuuza gari, husema "liliguswa kidogo tu", naye anajua kuwa lilipinduka. Neno hilo "liliguswa" tunaliona limebeba dhambi nyingi kuliko udogo wake.

Wapo pia wanaodhani kwamba amri ya kubainisha ni baina ya Waislamu peke yao, kwa kuwa Hadithi ya Uqba bin Amir (R.A.) inataja udugu wa Waislamu. Huko ni kuifahamu dini kinyume. Ghushi ni haramu kwa mtu yeyote, na jirani yetu Msukuma asiyekuwa Muislamu ana haki ya kuambiwa ukweli sawasawa na yule anayeswali safu moja nasi. Imam Nawawi ameeleza kuwa wajibu wa kubainisha unamfika hata asiye muuzaji akiwa anaijua kasoro. Dalali na fundi wa gereji aliyenyoosha bodi hilo wamo humo.

Sasa tumgeukie mnunuzi, maana kutawakali hakuondoi kufunga ngamia. Akague gari mchana, tena likiwa kavu. Atazame kama rangi ya mlango mmoja inahitilafiana na ya mwingine, na kama nafasi baina ya boneti na taa ni sawa pande zote. Apitishe sumaku ndogo juu ya bati. Penye puti nene haishiki. Atazame chini, kwenye chasisi, kama pana alama za kuchomelea. Tairi lililolika upande mmoja nalo ni shahidi. Kwa gari lililopitia mnada wa Japani, aombe karatasi ya mnada. Humo herufi R kwa kawaida huonyesha gari lililotengenezwa baada ya ajali. Na amlipe fundi wake mwenyewe, asitegemee fundi aliyeletwa na muuzaji.

Wengi hudhani wakiandika katika mkataba kuwa gari linauzwa "kama lilivyo" wamejivua dhima. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, sharti hilo halimtoi muuzaji isipokuwa katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua. Gari si mnyama. Mahanafi wamelegeza zaidi. Hata hivyo, Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar (R.A.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akalalamika kuwa ana ugonjwa, na Uthman (R.A.) akamtaka Ibn Umar aape kuwa hakuujua. Akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa wake, kisha akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Aliyegundua kasoro iliyokuwepo kabla ya kununua anayo hiari ya kurudisha gari na kupewa fedha zake. Lakini hapa wengi hupoteza haki yao kwa kutojua: hiari hiyo kwa Mashafi ni ya papo hapo. Mwenye Noah akigundua Jumatatu kwamba chasisi imepinda, naye akaendelea kupakia abiria wa Kahama hadi Ijumaa, amekwisha kuridhia. Asimamishe gari, amjulishe muuzaji mbele ya mashahidi. Nauli alizozipata kabla ya kugundua ni zake, kwa kuwa gari lingeteketea hasara ingekuwa yake. Na ikiwa limepata kasoro nyingine mpya mikononi mwake, hawezi kumlazimisha muuzaji alipokee. Atadai apunguziwe bei kwa kadiri ya kasoro ile ya zamani.

Liko jambo zito kuliko fedha. Anayenunua gari la kupeleka familia yake shamba anahatarisha walio wake. Anayenunua la abiria, yale yanayoitwa michomoko, anahatarisha watu ambao hawakuulizwa wala hawakupunguziwa nauli kwa sababu ya chasisi iliyopinda. Ridhaa yake kwa muuzaji haiwi ridhaa yao. Kwa hiyo tunaona kuwa gari lililogongwa pembeni, likabadilishwa mlango au bampa, linafaa kwa kazi hiyo baada ya fundi mwaminifu kulipima. Ama lililokunjika chasisi au kupinduka, halifai kubebea abiria hata likiuzwa kwa nusu ya bei. Mwenye nalo aliuze kwa vipuri, na aseme kuwa ni vipuri.

Wallahu aalam.