Injini Ikizimika Juu ya Kibera

Yapo maswali ambayo mwanafunzi huyauliza kwa nukta chache, naye mwalimu akayabeba mwaka mzima. Nilikuwa katika shule moja ya Kibera nikiwazungumzia wanafunzi juu ya fasihi simulizi pale ndege ndogo ilipopita juu ya mabati. Nilinyamaza, kama wanyamazavyo walimu wote wa huko, hadi mngurumo ulipopungua. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono: "Mwalimu, injini ya ndege hiyo ikizimika sasa hivi, rubani atatua wapi?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Swali lile si la kitoto hata kidogo. Kibera imelala kaskazini-magharibi ya uwanja wa ndege wa Wilson, na ndege zinazoutumia uwanja huo huonekana juu ya paa zake kutwa kucha. Mbele zaidi ndiko Kawangware, ambako pia mlio wao si mgeni. Huenda msomaji akasema kwamba wakazi hao walijipeleka wenyewe penye hatari. Historia inakataa. Wanubi, waliokuwa askari wa Mwingereza, waliwekwa pale mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lenyewe, Kibra, maana yake kwa Kinubi ni msitu. Bibi Florence Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege mwaka wa 1929. Kibera basi haikuifuata ndege. Ndege ndiyo iliyoifuata Kibera.

Hebu tutazame kwanza jambo analofundishwa rubani. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na kila ndege irukayo haina budi kurejea ardhini, iwe kwa injini au bila injini. Injini ikizimika, ndege haianguki kama jiwe. Ndege aina ya Cessna 172, ambayo hutumika sana kufundishia, huweza kwenda mbele takriban mita tisa kwa kila mita moja inayoshuka, mradi rubani aishike kasi yake ya kuelea, yaani kama kilomita 120 kwa saa. Kwa hiyo, akiwa mita 300 juu ya ardhi, ana umbali usiozidi kilomita 2.7 hivi, na muda wa dakika moja na ushei.

Katika dakika hiyo, mambo yana utaratibu wake. Jambo la kwanza ni kuinamisha pua ya ndege na kuilinda kasi. La pili ni kuchagua mahali pa kutua. La tatu ni kujaribu kuiamsha injini: je, mafuta yanapita, je, umeme upo? Redio huja baadaye, maana mnara wa kuongozea ndege hauwezi kumshikia usukani. Ikiwa injini haikuamka, hufunga mafuta na kuzima umeme, hukaza mikanda, hufungua mlango kidogo usije ukakwama, kisha hutua kwa mwendo wa chini kabisa akiuelekea upepo.

Hatari kubwa zaidi huwa mara tu baada ya kuruka. Hapo rubani hufundishwa asigeuke kurudi uwanjani akiwa bado chini, kwani kugeuka hula kimo, na bawa linalolazimishwa kwa kasi ndogo hupoteza uwezo wake wa kubeba. Wengi wamekufa wakijaribu kurudi. Kanuni yasema: tua mbele yako, penye uwazi. Isitoshe, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini ya kawaida hupoteza sehemu ya nguvu zake, na ndege hupanda polepole. Kimo ambacho rubani wa Mombasa anakipata upesi, wa Wilson hukingoja.

Lakini kanuni hiyo ya "tua mbele yako, penye uwazi" inachukulia kwamba uwazi upo. Je, upo?

Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana angani na ndege ya abiria aina ya Dash 8, muda mfupi baada ya ile kubwa kuondoka Wilson. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa katika ile ndogo walifariki. Ile kubwa ilirejea Wilson salama ikiwa na watu 44. Cessna iliangukia ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na hakuna mtu wa ardhini aliyepoteza maisha. Mbuga iko kusini ya uwanja. Sasa mwombe mwanafunzi wako achore ramani, na aihamishe ajali ile kilomita chache tu kuelekea kaskazini.

Wala hatuhitaji kubuni. Tarehe 2 Julai 2014 ndege ya mizigo aina ya Fokker 50, iliyotoka uwanja wa Jomo Kenyatta kuelekea Mogadishu, iliangukia jengo la biashara huko Utawala, na wote wanne waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walieleza kwamba milio ya tahadhari kuhusu injini ya kushoto ilisikika wakati ndege ikikimbia kuruka, lakini wahusika hawakuikatiza safari. Kulikuwa bado alfajiri. Saa za kazi zingeleta maafa mengine. Na tarehe 7 Agosti 2025, ndege ya madaktari wa Amref iliyoondoka Wilson kuelekea Hargeisa ilianguka Mwihoko, Kiambu. Walikufa watu sita, na wawili kati yao hawakuwa abiria, bali walikuwa ardhini.

Upande wa Kibera, uwazi uliosalia ni wa kuhesabika: uwanja wa gofu unaopakana na makazi, Bwawa la Nairobi lililoachwa lijae tope na magugu miaka mingi, na viwanja vya michezo vya shule. Na viwanja hivyo navyo vimekuwa vikimezewa mate. Itakumbukwa kwamba mnamo Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road, iliyo jirani na Wilson, walirushiwa vitoa machozi na polisi walipoandamana kutetea uwanja wao wa kuchezea uliozungushiwa ukuta. Watoto wale walidhani wanatetea kandanda. Kumbe walitetea pia kipande cha ardhi ambacho siku moja huenda rubani akakitafuta kwa macho ya mtu anayezama.

Mimi ni mtu wa lugha, na ningekosea nisiposema neno juu ya lugha. Wanahewa wamejiwekea neno moja la kuomba msaada, "Mayday", lililotoholewa kutoka Kifaransa. Hutamkwa mara tatu ili lisidhaniwe kuwa jingine katikati ya kelele. Umuhimu wake ulionekana tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca ya Kolombia ilipoishiwa na mafuta karibu na New York. Rubani msaidizi aliwaeleza waongozaji kwamba mafuta yanakwisha na kwamba waliomba watangulizwe. Neno rasmi la dharura halikutamkwa, na watu 73 waliangamia. Kusema kweli hakutoshi. Sharti useme kwa neno ambalo msikilizaji amekwisha kufundishwa aitikie vipi.

Je, sisi wa ardhini tuna neno gani? Hatuna. Lori la mafuta lilipopinduka Sachang'wan mnamo Januari 2009, watu waliyakimbilia mafuta badala ya kuyakimbia, na zaidi ya 100 wakateketea. Bomba lilipovuja Sinai, Nairobi, mnamo Septemba 2011, yalirudiwa yale yale. Ndege iliyotoka tu kuruka imebeba mafuta mengi. Ikiangukia vichochoro vya Kibera, penye majiko yanayowaka na njia ambazo gari la zimamoto haliwezi kupita, udadisi wetu utaua wengi kuliko mwanguko wenyewe.

Ndiyo maana natoa rai mbili. Ya kwanza yaelekea kwa serikali: kila uwanja wa wazi ulio chini ya njia za ndege upewe hati, uwekewe mipaka na ulindwe, kwa kuwa ni sehemu ya usalama wa anga kama ulivyo mnara wa Wilson. Ya pili yatuelekea walimu. Zoezi moja kwa muhula, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtoto, latosha: usiikaribie ndege, usiguse mafuta, zima moto jikoni, ondoka kuelekea utokako upepo, acha njia wazi, na kutaneni mahali mlipokubaliana.

Binti yangu wa dirishani, nililokosa siku ile ni jibu hili. Rubani atatua pale tutakapokuwa tumemwachia nafasi. Tusipomwachia, atatua juu yetu.