Haitengenezeki

Katika maneno yote tuliyojifunza tangu maduka yetu yajae bidhaa, hakuna ninalolichukia kama hili: haitengenezeki. Hutamkwa dukani, hutamkwa ofisini, na siku hizi hata watoto hulitamka kabla hawajajua kushika bisibisi. Anayelisema mara nyingi hajafungua skrubu hata moja. Mimi nauhesabu kuwa ni uvivu uliovaa koti la utaalamu, na nitaeleza kwa nini.

Baba yangu mdogo alikuwa mpiga picha hapa Lushoto. Chombo chake kilikuwa Yashica-Mat 124G, kamera ya Kijapani yenye lenzi mbili, ya juu ya kutazamia na ya chini ya kupigia, inayokula filamu pana ya namba 120 na kutoa picha 12 za mraba. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1970. Kwa kamera hiyo alipiga harusi, maulidi, vipaimara na picha za vitambulisho za watu wa mtaa wetu. Alipofariki niliirithi, pamoja na bati la biskuti lililojaa negativu.

Ilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Ukiiweka kwenye sekunde moja, shata ilifunguka ikagoma kufunga. Kwenye kasi kubwa ilitii. Niliteremka nayo mpaka mjini, kwenye joto la pwani, kwa fundi aliyesifiwa sana. Aliigeuza mkononi mara mbili, akasema, "Hii imekufa, mzee. Haitengenezeki. Nunua ya kisasa." Nililipa nauli ya kwenda na kurudi ili kusikia hukumu ya nusu dakika.

Njiani kurudi, wakati basi limesimama Mombo, niliichezea kamera ile kwa huzuni. Shata ikafunguka, ikahesabu sekunde yake, ikafunga. Nikarudia, ikafunga tena. Tulipomaliza kupanda zile kilomita 33 hadi kwenye baridi yetu, ikagoma kama awali. Tafakari, msomaji: laiti fundi yule angeijaribu hata mara moja katika joto la duka lake, angeona maiti yake inapumua.

Naomba nami nikiri kosa langu. Kwa hasira nilitia humo mafuta ya cherehani. Vibawa vya shata hutakiwa kuwa vikavu. Vyangu viligandana, na kamera ikawa bubu kabisa. Kwa hiyo simtetei kila anayeshika bisibisi. Anayekata tamaa bila kufungua na anayefungua bila kuelewa ni ndugu wa tumbo moja: wote wawili hawakuuliza kwanza kifaa kinafanyaje kazi.

Aliyeuliza ni mzee mmoja fundi saa. Hakuwahi kutengeneza kamera maishani mwake. Aliiweka sikioni, akakoki, akasikiliza, akacheka. "Mwanangu, hii ni saa."

Na kweli ni saa. Ndani ya shata mna springi, na mna msururu wa vigurudumu vya meno vinavyochelewesha vibawa visifunge mapema, kama vile vya saa ya mkononi. Grisi ya miaka mingi ilikuwa imekuwa gundi: joto la Mombo liliilainisha, baridi ya Lushoto iliikaza. Mzee alifungua lenzi ya mbele, akaosha vibawa na vigurudumu kwa petroli nyepesi ya kujazia viberiti, akaosha tena mpaka uchafu wote ukaisha, akaacha vikauke, kisha akatia tone dogo mno kwa ncha ya sindano kwenye mhimili wa gurudumu, si kwenye vibawa. Kuvu iliyotambaa kwenye kioo aliifuta, akanionya nisiihifadhi kamera ndani ya mfuko wake wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu. Kipima mwanga hatukukigusa. Betri ya zebaki kiliyotengenezewa haiuzwi tena, lakini shata haihitaji betri. Jua la Usambara nimezoea kulipima kwa macho.

Mpwa wangu alitazama kazi hii yote kwa huruma. "Mjomba, simu yangu inapiga picha elfu. Hiyo ya nini?" Hoja yake si ya kupuuzwa. Filamu ni ghali, na wa kuisafisha ni wachache. Sikumjibu kwa hotuba. Nilimpa negativu moja kutoka kwenye bati. Aliishika dirishani, akaipiga kwa simu yake hiyo hiyo, akageuza weusi kuwa weupe. Akanyamaza. Alikuwa mama yake, msichana wa miaka kama kumi, amebeba kikapu cha peasi kando ya barabara ya Soni. Nikamwuliza ziko wapi picha alizopiga kwa simu yake ya kwanza. Simu ile iliharibika, akaambiwa haitengenezeki, akaitupa na picha zake zote.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Walther Dobbertin, Mjerumani, alipiga picha katika nchi hii wakati wa ukoloni wa nchi yake, siku ambazo Lushoto iliitwa Wilhelmstal. Picha zake zimetunzwa Ujerumani katika Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa hilo. Picha tulizojipiga wenyewe ziko katika mabati ya biskuti chini ya vitanda, na atakayekuja kusafisha nyumba atasema ni takataka. Taifa linalotupa kila kisichowaka leo, kesho litaomba ruhusa kwa wageni ili lione sura za babu zake.

Simwombi mtu yeyote arudi kwenye filamu. Ninachodai ni kidogo. Siku nyingine ukiambiwa redio yako, pampu yako au cherehani ya mama yako haitengenezeki, usibishane wala usitoe fedha. Uliza swali moja tu: "Umeifungua?" Kama jibu ni hapana, chukua kifaa chako uende.

Mzee yule alinidai malipo madogo, chini ya nauli niliyotupa. Roli ya kwanza niliyopiga, picha ya kwanza ilikuwa yake, mlangoni pa kibanda chake, kwa sekunde moja kamili.