Je, Twavisha Mawe au Twakinga Watu?

Imezuka desturi siku hizi katika miji yetu ya pwani, nayo ni kuzivisha kuta za ndani. Mtu huingia dukani akatoka na furushi la vipande vya sponji vilivyotiwa sura ya matofali, nyuma yake vimepakwa gundi. Afikapo nyumbani huambua karatasi, akabandika kipande baada ya kipande, na kabla ya magharibi sebule yote imegeuka. Mwingine hupachika vibao vya plastiki toka sakafuni hadi darini. Na wako wenye vyuo vya watoto na kumbi za mazoezi ambao huziba kuta kwa magodoro membamba yaliyovishwa ngozi ya bandia, ili mtoto akijigonga asiumie.

Mambo haya yafanana kwa macho, lakini hayafanani kwa maana. Na kwa kuwa wengi wetu tumeyatia katika kapu moja, yafaa tuyachambue. Katika nyumba zetu za mawe, za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, jambo hili si la urembo tu. Ni la afya ya walio ndani, na ni la uhai wa nyumba zenyewe.

Hebu tuanze na nia. Mzazi aliyeweka sponji ukutani kwa ajili ya mwanawe mwenye kifafa ana haja. Mwalimu wa chuo aliyeifunga pembe ya nguzo ambayo watoto huikimbilia wakati wa kutoka, naye ana haja. Hata yule aliyechoka kuona wageni wake wakiinuka na doa la chokaa mgongoni mwa buibui, ana haja ndogo, lakini ni haja. Ama yule ambaye ukuta wake umeota ukungu na plasta yaanguka, naye akaufunika ili wageni wasione, huyo hakukinga kitu. Amefunika kidonda kibichi kwa kitambaa kizuri.

Sisi Waislamu tuna mafunzo ya zamani katika suala hili. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa habari ya Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa safarini, yeye alitundika kitambaa mlangoni. Mtume aliporudi hakupendezwa nacho, akakiondoa, akaeleza kuwa Mwenyezi Mungu hakutuamuru kuyavisha nguo mawe na udongo. Bibi Aisha akakikata kitambaa kile, akafanya mito miwili, akaijaza makumbi ya mtende, na Mtume hakumlaumu kwa hilo.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameizungumza hadithi hii, na wengi wao wameihesabu habari ya kufunika kuta kuwa ni makuruhi, si haramu. Mimi si mufti, wala sikukusudia kutoa fatwa gazetini. Lakini tazama, msomaji, kitambaa kile kilikwenda wapi. Kilitoka katika jiwe kikaenda chini ya mgongo wa mwanadamu. Kilipokuwa juu kilikuwa pambo, kilipokuwa chini kilikuwa raha kwa mtu. Nami naona hicho ni kipimo kizuri kwa jambo letu: kitu hiki ninachokinunua kitamfaa mtu, au chalivisha jiwe tu?

Sasa tuje kwenye jiwe lenyewe. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Jiwe hili limejaa vitundu, na chokaa vile vile hupitisha mvuke. Ukuta wenyewe ni mnene, mara nyingi wafika nusu mita. Maji ya ardhini huupanda ukuta huo kama mafuta yapandavyo utambi, na mvua za masika nazo huingia kwa nje. Lakini waashi wetu wa zamani hawakushughulika kuyazuia maji hayo kwa nguvu. Waliyaachia njia ya kutokea. Uso wa chokaa huyatoa kidogo kidogo, upepo ukayachukua, na ukuta ukakauka wenyewe. Ndiyo sababu nyumba zile zilipakwa chokaa upya kila baada ya muda. Halikuwa pambo lile, ilikuwa dawa.

Ukuta kama huo ukiuziba kwa sponji yenye gundi, kwa plastiki, au hata kwa saruji na rangi ya mafuta, maji yaliyomo hayaondoki. Hukosa mlango, yakapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Na hayapandi peke yake, yamebeba chumvi. Chumvi hiyo hukauka nyuma ya kile kifuniko, ikawa kama chembe za kioo, ikaivunjavunja plasta toka ndani. Huku nje sebule yapendeza, kule nyuma ukuta wageuka unga. Mwisho maji hufika kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani. Boriti za mikoko ni ngumu, lakini ncha yake ikikaa katika unyevu miaka na miaka huoza, na mchwa hupenda mti uliolowa. Na boriti ndizo zilizobeba dari, na dari hiyo ndiyo sakafu ya walio juu. Hapo haijawa tena habari ya ukuta kuchafuka, imekuwa habari ya roho za watu.

Kabla ya kufika huko, kuna ukungu. Mahali penye giza, unyevu na joto, yaani nyuma ya kile kipande cha sponji, ukungu huota bila ya kuonekana. Harufu yake huanza kusikika wakati wa mvua. Mwenye pumu hubanwa, na mtoto hukohoa usiku. Mama humpeleka hospitali, akapewa dawa, akapata nafuu, kisha akarudi kulala ubavuni mwa ukuta ule ule.

Na jambo la kusikitisha ni kwamba gundi haisameheki. Katika nyumba za Lamu ziko kuta zenye zidaka na plasta iliyonakshiwa kwa mkono na mafundi ambao hatunao tena. Mji ule uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa ajili ya ujenzi kama huo. Ukibandika sponji juu ya nakshi, siku utakapoibandua itaondoka pamoja na nakshi yake.

Ama hatari iliyo kubwa kuliko zote ni moto. Sponji nyingi za kawaida hushika moto upesi mno, na moshi wake ni mweusi, mzito na wenye sumu. Tarehe 20 Februari 2003, katika mji wa West Warwick, jimbo la Rhode Island huko Marekani, fataki ziliwashwa ndani ya ukumbi wa muziki ambao kuta zake zilikuwa zimebandikwa sponji ili kelele zisiwafikie majirani. Watu 100 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013 jambo kama hilo lilitokea Santa Maria, nchini Brazil, ambako sponji ilikuwa darini. Walikufa watu 242. Katika kumbi zote mbili wengi waliovuta moshi hawakupata nafasi ya kuufikia mlango.

Pengine msomaji atasema: hizo ni kumbi za muziki na fataki, zatuhusu nini sisi? Zatuhusu, maana sisi nasi tuna moto majumbani. Tuna chetezo chenye makaa mekundu kinachozungushwa chumbani siku ya Ijumaa na siku za arusi. Tuna mishumaa stima inapopotea. Tuna mtungi wa gesi jikoni, na soketi za umeme zilizozeeka. Na vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, gari la zima moto haliwezi kupita katika vingi vyake. Kutia sponji isiyojulikana katika nyumba kama hiyo ni kuweka kuni sebuleni na kuzipaka rangi.

Je, nasema basi watu waache kabisa? Hasha. Pale penye haja ya kweli, mtu na aweke, lakini aweke kwa utaratibu. Kwanza ukuta ukauke. Kama ulipigwa saruji, itolewe, upigwe chokaa, uachwe msimu mzima. Pili, hapana haja ya kufunika ukuta wote. Kwa watoto wadogo, mita 1 na robo toka sakafuni yatosha, na mahali pa kutangulizwa ni pembe, nguzo na miisho ya ngazi, ambapo kichwa hupasuka. Tatu, magodoro yapigiliwe kwenye ubao, na ubao ushikwe kwa papi nyembamba zitakazouacha mbali na ukuta kwa upana wa kidole au viwili, juu na chini pakiwa wazi ili hewa ipite. Skurubu ziingie katika viungo vya chokaa, si katika jiwe, na zisizidi, ili siku moja yote yaweze kuondolewa bila ya jeraha. Nne, ngozi ya juu iwe ya kupanguswa, na sponji yake iwe ngumu kiasi. Ile laini sana mtoto huipita akaugonga ubao. Tano, mnunuzi adai cheti cha kuonyesha kwamba sponji hiyo imepimwa kwa moto, na muuzaji asiyekuwa nacho aachwe na mali yake. Hata ikiwa na cheti, isisogezwe karibu na jiko, soketi wala chetezo. Na kwa nyumba zilizo katika maeneo ya hifadhi, Lamu na Mombasa, ofisi za uhifadhi za Makumbusho ziulizwe kabla ya msumari wa kwanza.

Nayajua majibu ya wengi. Chokaa ina kazi, mafundi wake wamepungua, na sponji ni rahisi. Ni kweli ni rahisi kwa yule anayeibandika. Lakini mara nyingi anayeibandika ni mwenye nyumba, naye huipangisha kwa kodi kubwa zaidi kwa sababu yapendeza, na anayelala humo na kifua cha mwanawe ni mpangaji. Mwenye nyumba wa namna hii amepunguza gharama yake kwa kuipeleka kwa mwingine. Mpangaji ana haki ya kuuliza kuna nini nyuma ya kifuniko kile kabla ya kutoa kodi, na mwenye nyumba mwenye hofu ya Mungu atamwonyesha.

Kwa doa la chokaa mgongoni wazee wetu walikuwa na dawa nyepesi: mkeka au kitambaa kilichotundikwa nyuma ya mahali pa kukaa, na takia la usufi. Usufi nao washika moto, hilo sikatai. Lakini takia hutolewa nje likaanikwa juani, mkeka huviringwa, na ukuta ukaonekana ulivyo, mzima au mgonjwa.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kwenda dukani weka kiganja chako juu ya ukuta. Ukiwa baridi na unyevu, fedha hizo ni za mwashi. Ukiwa mkavu, na nyumbani mna mtoto, mgonjwa au mzee wa kuhofiwa, weka kinga yako pale atakapoangukia, na uiweke sawasawa. Na ukiwa mkavu na hapana wa kukingwa, nunua mito miwili, uwape wageni wako waegemee.