Kabla ya Kuomba Nyumba, Tuonyeshe Kiwanja

Wakulima wenzangu wa Mpeketoni, Hongwe, Hindi na Witu, pamoja na ndugu zetu wa visiwani mnaovuka maji kuja kulima bara:

Barua za kuomba nyumba zimekuwa nyingi afisini. Afisi ya kilimo haijengi nyumba, lakini mkulima hupeleka neno lake kwenye mlango anaoujua, na mimi karani ndiye ninayezifungua. Karibu zote zimeandikwa namna moja. Kijiji chaomba serikali iwajengee nyumba wazee, wajane na vijana wasio na ardhi. Chini yake yafuata majina thelathini au arobaini na alama za vidole gumba. Hakuna kiwanja kilichotajwa, wala hakuna neno juu ya nani atakayekuwa mwenye nyumba hizo zikisha kujengwa.

Kuomba si kosa. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kupata makao ya kumfaa na usafi wa kiasi cha kutosha. Tena fedha zipo: tangu Machi 2024 mwenye mshahara hukatwa asilimia moja na nusu, na mwajiri wake huongeza kiasi hicho hicho, kwa Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu. Hata asiye na mshahara ametajwa katika sheria hiyo. Basi ninalosema mimi ni hili: ombi lisilo na kiwanja halitafika mbali, na likifika litamfaa mtu mwingine, si yule mjane mliyemwandika.

Kwanza tuelewane juu ya neno "nyumba za jamii". Sheria ile ya 2024 imewagawa watu kwa mapato. Mtu ambaye mapato yake kwa mwezi hayafiki shilingi 20,000 ndiye wa nyumba za jamii. Kutoka hapo hadi 149,000 ni wa nyumba za gharama nafuu. Imetajwa pia nyumba ya mashambani, nje ya mji, na hiyo ndiyo yatuhusu sisi. Mkulima akiulizwa mapato ya mwezi hujibu, "Sina," kwa kuwa hapokei mshahara. Jibu hilo si la kweli, na karani mwenye kupokea fomu hawezi kulifanyia kazi. Fanya hesabu kama tulivyofundishwa shuleni. Andika ulichouza mwaka mzima, korosho, simsim, mahindi, maembe na mbuzi, kisha ugawe kwa 12. Aliyepata shilingi 180,000 kwa mwaka, mapato yake ni 15,000 kwa mwezi. Huyo yumo. Risiti za chama cha ushirika na za mnunuzi wa korosho ndizo ushahidi wake, usizifungie chumvi.

Lakini kuwamo katika fungu hilo si kupewa nyumba bure. Nyumba nyingi za mpango huu huuzwa, ingawa mnunuzi hulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Huko Mukuru, Nairobi, ambako wenyeji walianza kukabidhiwa nyumba Mei 2025, chumba kimoja cha mita 20 za mraba kiliwekewa bei ya shilingi 640,000. Sheria ilipopitishwa iliweka amana ya asilimia 10, yaani shilingi 64,000 kwa chumba kama hicho. Mita 20 za mraba ni chumba cha mita nne kwa tano. Chukua kamba ukapime uwanjani kwako. Gunia za mahindi utaziweka wapi? Na jembe, na bomba la dawa, na kuku? Mtu mwenye ekari kumi katika mpango wa Ziwa Kenyatta hana haja ya chumba hicho. Haja yake ni paa lisilovuja, choo na tangi la maji ya mvua, na hayo hayatafutwi kwa ombi la kijiji.

Wenye haja wapo, nao twawajua. Ni vijana ambao shamba la baba liligawanywa mpaka likabaki ukanda wa kupandia mihogo. Ni wajane waliotolewa na shemeji zao. Ni vibarua waliokuja kupalilia pamba zamani wakazeeka kwenye kibanda cha mwenye shamba. Ningewaongeza walimu na wauguzi, maana shule isiyo na nyumba ya mwalimu humpoteza mwalimu kila mwaka.

Sasa kiwanja. Hapa ndipo maombi mengi hufia, kwa hiyo nawaomba mnivumilie.

Wengi husema, "Tumia kile kiwanja cha umma kilichobaki tangu mpango ulipopimwa." Ni kweli kwamba wapimaji wa miaka ya 1970, wakati mpango wa Ziwa Kenyatta ulipoanza na kusaidiwa na Ujerumani Magharibi, waliacha sehemu za shule, soko, zahanati na josho. Lakini ardhi ya umma si ya mzee wa kijiji, wala si ya mkutano wa kijiji. Serikali ya kaunti huishika kwa niaba ya wananchi, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo huisimamia. Mkutano ukipiga kura kwamba uwanja wa josho uwe wa nyumba, kura hiyo ni maneno tu mpaka kaunti na Tume zikubali kwa maandishi. Basi andikeni kuomba kibali hicho kwanza, na ombi la nyumba lifuate. Na kabla ya kuandika nendeni mkatazame: huenda hapo pa umma pameshapandwa migomba na mtu asiyekusudia kutoka.

Njia ya pili ni mkulima mwenye moyo kutoa nusu ekari katika kumi zake. Hii naipenda zaidi, maana hutegemea watu wanaojuana. Lakini kutoa kwa mdomo hakutoshi. Anayetoa awe na hati miliki iliyo safi. Kama shamba lina deni la Mfuko wa Makazi, deni lilipwe na rehani ifutwe katika daftari kwanza. Kisha mpima ardhi akate sehemu ile, na Bodi ya Ardhi itoe idhini, kwa maana ardhi ya kilimo haigawanywi wala haihamishwi bila idhini hiyo. Yapasa kuiomba katika muda wa miezi sita tangu mapatano kufanywa. Pasipo idhini, mapatano hayana nguvu mbele ya sheria. Mke au mume wa mtoaji atie sahihi pia. Nimeona mahali pamoja, sipataji, watu wakimwaga msingi juu ya ardhi waliyopewa na mzee mmoja kwa maneno matupu. Mzee akafariki, wanawe wakaja na mpima wao. Ule msingi sasa hufungiwa mbuzi.

Je, hati mpya iandikwe jina la nani? Isiandikwe jina la mwenyekiti, hata akiwa mtu mwema. Iandikwe jina la chama cha ushirika kilichoandikishwa. Watu kumi waweza kuanzisha chama cha namna hiyo, na vipo vyama vya ushirika vya nyumba ambavyo vina muungano wao wa taifa, NACHU, tangu 1979. Chama hakifi mwenyekiti akifa.

Na nyumba zikisha simama, nani atabadilisha bati? Katika jambo hili nawaomba wakulima wa bara tuwatazame majirani zetu wa Amu, Pate na Siyu. Wao wana wakfu tangu zamani. Mtu hutoa nyumba yake, ikawa haiuzwi tena wala hairithiwi. Faida yake huwa ya maskini, au ya jamaa, au ya msikiti, naye huwekwa msimamizi. Msomi wa mjini angeiita "nyumba ya jamii". Wakfu wenye duka la kupangisha kando yake hupata fedha ya chokaa na boriti. Usio na pato lolote hutegemea huruma, na paa halingoji huruma.

Serikali kubwa pia hukutana na swali hilo. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Zanzibar, ikisaidiwa na Ujerumani Mashariki, ilijenga majumba ya ghorofa Kikwajuni na Michenzani, na baadaye yakajengwa hata mashambani, Bambi na Makunduchi. Watu walitoka katika vibanda wakaingia nyumba imara. Lakini ngazi, bomba na paa la jumba lenye watu wengi si la mtu mmoja, na kila mmoja humtazama mwenziwe. Kwa hiyo chama chenu kiandike katika kanuni zake kwamba kila anayekaa atoe kitu kila msimu, hata kama ni debe moja la mahindi, na mikorosho ipandwe kandokando ya kiwanja kwa ajili ya matengenezo. Aandikwe pia atakayeuza korosho hizo, na atakayekagua hesabu yake.

Juu ya kujenga nina neno fupi. Idara ya nyumba huhimiza matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Hayachomwi, kwa hiyo hayali kuni. Ulizeni kama mashine yaweza kuletwa. Udongo mweusi wa pamba haufai peke yake, basi chimbeni kwingine mpeleke mfano ukapimwe.

Liko jambo linalonichukiza, nami nitalisema. Katika orodha moja iliyofika mezani kwangu, majina matano ya kwanza yalikuwa ya wanakamati wenyewe, na wawili kati yao wana nyumba za mawe zenye bati. Jina la mjane aliyetajwa ndani ya barua sikuliona popote. Orodha isomwe barazani kwa sauti, jina kwa jina, chifu akiwapo, na mtu aulizwe mbele ya majirani ana nini. Wanakamati wasijiandike, na wakibisha, kamati ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Mwisho, wakati wa kuomba. Barua nyingi hutufikia Julai na Agosti, baada ya mavuno ya masika, mtu anapopata nafasi ya kukaa. Lakini mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na fedha huwa zimekwisha gawanywa. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa kila mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na unahusu mwaka wa fedha utakaofuata. Taarifa ya mwelekeo wa matumizi hufuata kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili. Katika kila hatua wananchi huitwa kutoa maoni. Mkutano wa wadi ukiitwa, nendeni na nakala tatu za kila karatasi: hati au kibali cha kiwanja, cheti cha chama, kumbukumbu za baraza, na orodha yenye hesabu za mapato. Moja mkabidhi kwa mwakilishi wenu wa wadi, moja ipelekwe Mokowe kwa afisa wa nyumba wa kaunti, nayo ya tatu igongwe muhuri wa kupokewa, mrudi nayo nyumbani.