MTOTO AKIJIKOJOLEA DARASANI, TUSIMWAIBISHE



Ndugu zangu wazazi na walimu wenzangu, Januari shule zinafunguliwa, na madrasa zetu nazo zinapokea watoto wa miaka 4 na 5. Leo tuzungumze jambo ambalo wengi tunaona haya kulitaja.

Naanza na kosa langu. Miaka ya nyuma nikisomesha, mtoto mmoja alikojoa juu ya jamvi. Nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamgombeza, nao wakamcheka. Nilidhani nalinda twahara. Kesho yake hakuja. Mama yake akaniambia, "Ustadhi, akisikia tu neno chuo analia." Jamvi lilioshwa likakauka siku ile ile, lakini mtoto tulikaa miezi bila kumuona.

Nikajiuliza, nilimfuata nani? Sote tunaijua hadithi ya bedui aliyekojoa msikitini, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Masahaba walitaka kumkemea, Mtume (S.A.W.) akawazuia mpaka amalize, kisha akaamuru pamwagwe ndoo ya maji. Yule alikuwa mtu mzima, tena ndani ya msikiti wa Mtume! Sasa huyu mdogo, ambaye hata miaka 7 ya kuamrishwa swala hajaifikia, tunamshikia fimbo kwa kosa gani?

Wazazi, twahara inaanza nyumbani. Mfundishe mwanao kuomba ruhusa bila woga. Mfundishe kuvua na kuvaa kaptula mwenyewe, na umvalishe ya mpira kiunoni, si ya mkanda na vifungo vigumu. Mfundishe kuchuchumaa, kuchamba kwa mkono wa kushoto, kumwaga maji na kunawa kwa sabuni. Kabla ya kutoka nyumbani, aende chooni kwanza. Siku ya kwanza mpeleke akakione choo cha shule, maana wengine wanakiogopa kile cha shimo. Mtilie nguo ya akiba kwenye begi.

Na wale wanaomnyima mtoto maji asubuhi ili asikojoe, hilo si sawa. Mtoto asiyekunywa maji na anayebana haja hupata choo kigumu na maradhi ya njia ya mkojo.

Walimu, mtoto mdogo akiomba kutoka, mruhusuni. Usimwambie asubiri kengele, hawezi. Akijikojolea, mtoe taratibu, abadilishwe, pasafishwe, somo liendelee.

Na mtoto aliyekwisha kuacha kisha akaanza tena, usimpige. Muulize kwa upole, huenda kuna kinachomtisha. Akilalamika maumivu, mpeleke hospitali.

Mtoto tukimfundisha twahara kwa fedheha, atauchukia usafi pamoja na chuo. Tukimfundisha kwa upole, ataipenda dini yake. Na yule niliyemkosea, namuomba Allah anisamehe.

Allah atujaalie subira katika malezi. Aamin.

Mfikishie na mwalimu wa mwanao.