Nani Alikaa Nyumbani?

Kila maradhi ya korona yatajwapo, watu husema kwamba hayakumbagua tajiri wala maskini, na kwamba sote tuliteseka sawasawa. Neno hili ni tamu masikioni, lakini si kweli. Nataka kulipinga mbele yenu, vijana, kwa kuwa uongo mtamu ukiachwa bila ya kujibiwa hugeuka kuwa historia.

Tarehe 13 Machi 2020 serikali ya Kenya ilitangaza kuwa mgonjwa wa kwanza amepatikana nchini. Siku mbili baadaye ilitangazwa kuwa shule zitafungwa, na wafanyakazi wa ofisini wakahimizwa kufanyia kazi nyumbani. Tarehe 27 mwezi ule ule ilianza amri ya kutotoka nje kutoka saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Sisemi kuwa kuwatenga watu kulikuwa upuuzi. Maradhi yalikuwa ya kweli na yaliua, na chanjo hazikufika nchini mpaka Machi 2021. Ninachouliza ni hiki: nani aliweza kukaa nyumbani bila ya kulala njaa?

Karani aliketi mezani kwake, na mwisho wa mwezi mshahara wake ukamfuata pale pale. Lakini mpagazi wa sokoni hana mwezi, ana siku. Asipobeba gunia leo, watoto hawali leo. Matatu yenye viti 14 iliamriwa kuchukua abiria 8 tu, nauli ikapanda, na kibarua aliyekuwa akipanda gari akalazimika kutembea. Tuliambiwa tunawe mikono mara kwa mara kwa maji na sabuni. Agizo hili lilikuwa jepesi kwa mwenye mfereji jikoni. Kwa mama wa Kibera anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20, kila kunawa kulikuwa na bei.

Jioni ile ya kwanza ya amri, watu waliokuwa wakitoka kazini walijaa kivukoni Likoni, wakitaka kuwahi makwao. Polisi waliwapiga na kuwarushia mabomu ya machozi, na saa moja haijafika bado. Kosa lao lilikuwa nini? Walikuwa wanarudi nyumbani, kama walivyoamriwa.

Hata wale tuliowasifu hatukuwatendea haki. Wauguzi na madaktari tuliwaita mashujaa; lakini Desemba 2020 waligoma, wakidai vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Sifa hazimkingi mtu na maradhi, wala hazimlishi yatima wake.

Atasema mtu kuwa ndiyo dunia, vidole havilingani. Naam, havilingani, lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Yule karani aliyejifungia alikula nini siku zile? Alikula sukuma wiki iliyochumwa na mkono wa mtu, ikapakiwa na mtu, ikauzwa na mama aliyeketi barazani tangu alfajiri huku barakoa moja ikimtosha juma zima. Usalama wa aliyekaa ndani ulilindwa na hatari ya aliyetoka nje. Basi aliyetoka nje hakuwa mkaidi wala mjinga, kama walivyodai waliomtukana. Alikuwa mdai wetu, na deni lake hatujalilipa.

Deni hilo halilipwi kwa hotuba. Hulipwa kwa ijara ya haki, kwa maji yanayofika katika mitaa ya maskini, na kwa akiba ya taifa itakayomlisha kibarua siku atakapoambiwa asiende kazini. Amri ikiwa njema kwa tabibu, lakini haiwezekani kwa mnyonge, haijawa njema bado. Nusu yake imesahauliwa.

Enyi vijana, wengi wenu mlipoteza masomo ya mwaka ule, na shule hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2021. Baadhi yenu mtakuwa watawala, nanyi mtaandika amri, maana maradhi mengine yatakuja. Siku hiyo, kabla ya kuwaambia watu wakae nyumbani, ulizeni kwanza chunguni mna nini.